Harusi Ingoje Ziwa Lifunguliwe

Desemba imezoeleka kuwa mwezi wa harusi Kigoma. Walioko Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma wamepata likizo, shule zimefungwa, wazee wanataka kuona ukoo wote uani, na kamati inaandika tarehe bila mjadala mrefu: Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi. Mazoea hayo yana sababu zake na nitazijibu moja moja. Lakini kwa familia zilizoko kandokando ya Ziwa Tanganyika, tangu Kagunga mpakani na Burundi, kupitia Kibirizi, Katonga na Ujiji, hadi vijiji vya kusini kama Sigunga na Kalya, Desemba ni mwezi mbaya wa kuozesha. Harusi ya ukanda huu inafaa ifanyike majira makavu ya baridi, yale tunayoyaita kipupwe, na hata humo isiwe siku yoyote tu. Ushauri wangu ni kati ya nusu ya pili ya Agosti na wiki ya tatu ya Septemba, tena katika siku za mbalamwezi. Najua unasikika kama ushauri wa mtu anayechagua mno, kwa hiyo ni haki ya msomaji kuonyeshwa unatoka wapi.

Mvua kwanza. Kigoma ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Oktoba kuelekea Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Juni, Julai na Agosti karibu hainyeshi kabisa. Sasa angalia harusi yetu inafanyika wapi. Hata familia iliyokodi ukumbi, upishi uko uani, kesha liko uani, na akina mama wanaochambua mchele na kumenya vitunguu usiku kucha wamekaa chini ya turubai lililofungwa kati ya mwembe na pembe ya nyumba. Mvua ya alfajiri ikishuka, maji yanajikusanya katikati ya turubai mpaka linabonyea chini kama tumbo la ng'ombe. Kijana mmoja anakuja na mti kulisukuma, na ndoo kadhaa za maji zinamwagikia magunia ya mchele. Kuni zimelowa, jiko linatoa moshi bila moto, na pilau iliyokusudiwa kupakuliwa saa saba mchana inaiva saa kumi. Miguu ya viti vya plastiki inazama kwenye tope, bibi harusi anapandisha gauni hadi magotini kuvuka mfereji, na gari lililopambwa linasukumwa kwenye mtelemko na wapambe waliovaa suti. Hakuna kosa la kamati hapo, ila hasara imeshaingia, na mara nyingi inamwangukia mpishi na mama mwenye shughuli.

Ubaya wa mvua ni kwamba haihitaji kunyesha Kigoma ili iharibu harusi ya Kigoma. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na kati yetu na Dar es Salaam kuna takriban kilomita 1,250 za njia inayokatiza mabonde ya mito mingi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya eneo la Kilosa, mkoani Morogoro, yaliibomoa reli hiyo na kusimamisha safari za abiria kwa miezi. Mgeni wa Ujiji alikwamishwa na mvua iliyonyesha upande wa pili wa nchi. Barabara zimeboreka sana tangu wakati huo. Daraja la Kikwete limeondoa adha ya kuvuka Malagarasi, na lami ya Kasulu na Kibondo imeleta Kanda ya Ziwa karibu. Hata hivyo, njia za kutoka barabara kuu kwenda kijijini bado ni za udongo, na basi la wageni halikwami kwenye lami. Linakwama kwenye zile kilomita chache za mwisho.

Mpaka hapo mtu atasema, basi tufanye Juni: shule ziko likizo, mvua zimeisha. Kwa mikoa mingi ya Tanzania huo ni ushauri mzuri. Kwa mwambao wa Ziwa Tanganyika una kasoro moja kubwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ili samaki na dagaa wapate nafasi ya kuzaliana. Makusudio ni mema na siyapingi. Lakini anayepanga harusi lazima ahesabu kwamba katika utaratibu huo miezi iliyo mikavu kuliko yote ndiyo miezi ambayo mfuko wa mwambao mzima umefungwa. Anayekosa fedha wakati huo si mvuvi peke yake. Mwenye mtumbwi hana mapato, mabaharia wake hawana, mama anayeanika dagaa kwenye vichanja vya Kibirizi na Katonga hana mzigo wa kuanika, mchukuzi hana cha kubeba, na mwenye duka la mtaani ameandika madeni daftari zima. Kuwapelekea watu hao kadi ya mchango mwezi Julai ni kuwaaibisha. Wataahidi kwa sababu ya heshima na watashindwa kutoa, na bajeti ya kamati itakuwa imejengwa juu ya ahadi zisizo na mtu wa kuzilipa.

Ndiyo maana nasema ziwa lifunguliwe kwanza. Na likishafunguliwa, kalenda ya mvuvi wa dagaa inaongozwa na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: zamani kwa karabai, sasa zaidi kwa taa za umeme wa jua na betri, ambazo mwanga wake huwavuta juu hadi kwenye wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, na wanaume hulala nyumbani. Harusi ikiwekwa katika siku za giza, baba mdogo wa bwana harusi yuko ziwani, au amekosa usiku mzima wa kipato ili akae kwenye kiti cha plastiki. Ikiwekwa mbalamwezi, wote wako nchi kavu, mauzo ya giza lililopita yako mkononi, na ngoma inachezwa kwenye mwanga usiohitaji jenereta. Ujiji, mji wa Kiislamu wa siku nyingi, hauhitaji chombo chochote cha kupiga hesabu hii: usiku wa tarehe 12 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu daima ni mbalamwezi. Chukua mwaka 2026 kama mfano. Maulidi, kutegemea kuandama kwa mwezi, yanaangukia 25 au 26 Agosti, mwezi unakuwa mpevu tarehe 28, mishahara ya mwisho wa mwezi inatoka, na kama ziwa litafungwa kwa tarehe zilezile za 2024, litakuwa limefunguliwa wiki mbili kabla. Jumamosi ya tarehe 29 ni siku ambayo mimi ningeiandika kwenye kadi bila kusita.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ndugu. Watu wanasema Desemba ndiyo pekee inayowakusanya, na harusi bila ndugu ni sherehe ya majirani. Ni kweli kwa kiasi fulani, na kuna watakaokosekana Agosti na Septemba ambao hakuna hila ya kuwaleta, hasa wanafunzi wa shule za bweni. Familia yenye vijana wengi wa bweni ina sababu halali ya kusita. Kwa watu wazima, hoja hiyo haina nguvu inayodhaniwa. Mwajiriwa wa Tanzania ana haki ya siku 28 za likizo kwa mwaka chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na hakuna kifungu kinachosema siku hizo ni za Desemba. Kinachokosekana ni taarifa ya mapema. Kadi inayofika wiki tatu kabla inamlazimisha mtu kutegemea sikukuu, lakini tarehe iliyotangazwa Machi inampa nafasi ya kuomba likizo ya Agosti na kuipata, maana wenzake kazini wote wanagombania Desemba. Vilevile viti vya basi na treni vya Desemba vinagombaniwa na nchi nzima inayorudi makwao. Halafu kuna Januari. Anayekuja Desemba anakuja na pochi ambayo tayari ina majina ya watu wengine ndani yake: sare, madaftari, ada ya bweni, kodi ya nyumba. Mchango wake unakuwa mdogo, na hata huo mdogo unamuuma. Nafikiri wazee wengi wakilinganisha wageni mia mbili wenye wasiwasi na wageni mia na hamsini waliotulia, watachagua hao wa pili.

Upande wa Kongo na Burundi una hesabu yake. Familia nyingi za Ujiji, hasa za Wamanyema na Wabembe, zina ndugu Kalemie, Uvira, Bujumbura na Rumonge, na hao hawafuati likizo zetu kabisa. Wanachohitaji ni muda wa kupata hati za safari na chombo cha kuaminika. Wapewe tarehe kabla ya jirani wa mlango wa pili.

Kalenda ya dini nayo inazidi kuisogeza Desemba pembeni. Kwa Wakatoliki na madhehebu mengine yanayofuata mwaka wa Kanisa, majuma kabla ya Krismasi ni Majilio, wakati ambao parokia nyingi hazipendi shamrashamra za ndoa, kwa hiyo harusi zote hurundikana kati ya 26 Desemba na mwanzo wa Januari. Padri mmoja, kwaya moja, mpiga picha mmoja, wote wanagawanywa vipande. Kwa Waislamu jambo hili litakuwa kubwa zaidi miaka michache ijayo. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa miladia: mwaka 2028 itaanza karibu na mwisho wa Januari, mwaka 2030 itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena baada ya Krismasi, na 2031 itaanza katikati ya Desemba. Familia ya Ujiji yenye binti wa miaka kumi na saba leo, inayotaka amalize masomo kwanza, ijue kwamba Desemba anayoiwazia itakuwa mwezi wa mfungo. Agosti na Septemba za miaka hiyo ziko wazi.

Sasa niseme juu ya upepo, kwa sababu hapa ndipo anayependa kipupwe anaweza kudanganya wenzake. Tangu Mei hadi Septemba pepo za kusini huvuma kwa nguvu na kwa muda mrefu juu ya ziwa, na mawimbi yake si ya kuchezea. Msafara wa harusi unaotoka Sigunga kuja mjini, au unaopeleka bibi harusi Mwamgongo ambako boti ndiyo njia iliyozoeleka, unapita kwenye maji hayo. Sikubali hata hivyo kwamba hii ni sababu ya kurudi Desemba. Ziwa hili halina msimu usiodai tahadhari: ilikuwa Desemba 2014 meli ya Kongo iitwayo Mutambala ilipopinduka na kuua watu zaidi ya 100, ikiwa imejazwa kupita kiasi na upepo umechachamaa. Tofauti ni kwamba upepo wa kipupwe una tabia inayotabirika zaidi, unajulikana unatoka wapi na unakaa siku ngapi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari zake, wakati dhoruba ya msimu wa mvua hufika na radi kabla boti haijapata pa kujificha. Kinachotabirika kinapangiwa. Wageni wa majini wavuke siku moja kabla, asubuhi mapema, si siku ya harusi yenyewe. Chombo kiwe kimekaguliwa na TASAC, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, kila abiria awe na jaketi la kuokolea maisha mwilini na si chini ya kiti, na mzigo wa spika, sufuria na viti uende safari yake peke yake. Mtu mmoja wa kamati asimame ufukweni na orodha, na idadi ikitimia aseme basi, hata aliyebaki akiwa shangazi. Zaidi ya yote, maharusi wasivushwe usiku baada ya sherehe. Hamu ya kumfikisha bibi harusi kwake usiku uleule inaeleweka, lakini ziwa la usiku lenye upepo na nahodha aliyekesha kwenye ngoma ni hatari ambayo hakuna mila inayoidai. Watengewe chumba mjini, wavuke kesho yake jua likichomoza.

Baridi yenyewe ni jambo dogo ufukweni. Maji ya ziwa hubaki na uvuguvugu mwaka mzima na huutuliza usiku wa mwambao, kwa hiyo Ujiji shali na leso nzito zinatosha. Huko juu, Kalinzi, Manyovu na Kasulu, hali ni nyingine, na familia ya pwani inayopeleka posa au kuchukua bibi harusi milimani Julai au Agosti ibebe makoti ya watoto na wazee, iombe chai ya tangawizi itangulie chakula, na isitegemee sherehe ya wazi baada ya saa tatu usiku. Vumbi linasumbua zaidi kuliko baridi: uwanja umwagiwe maji alfajiri na tena saa nane mchana, na meza ya chakula ielekezwe mbali na barabara. Wapenda picha nao wajue mapema kwamba kiangazi kikikomaa moshi wa mashamba na nyasi zinazochomwa huifunika milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Picha ile maarufu ya maharusi na milima nyuma yao hupatikana vizuri baada ya mvua. Agosti utapata jua jekundu linalozama kwenye ukungu, nalo lina uzuri wake. Ufukwe, kwa upande mwingine, unakuwa mpana. Maji ya ziwa hufikia kimo cha juu mwishoni mwa mvua na kushuka kiangazi kizima, na miaka kama 2020, 2021 na 2024 yalipanda hadi kumeza maeneo ya mialo. Anayekodi eneo la ufukweni mwezi Mei aulize mstari wa maji utakuwa wapi Agosti, na anayelipia Agosti kwa ajili ya Aprili aulize kwa makini zaidi.

Kukubali tarehe hii kunabadilisha pia namna ya kuchangisha. Kamati ianze Machi, na wachangiaji wagawanywe kwa misimu ya mapato yao badala ya kupewa wote siku moja ya mwisho. Watu wa ziwa watoe Aprili na nusu ya kwanza ya Mei, kabla ya kufungwa, na baada ya hapo wasipigiwe simu mpaka uvuvi urudi. Wakulima na wafanyabiashara wa mazao watoe Juni na Julai, wakati wa mavuno. Waajiriwa wagawe ahadi yao katika mishahara mitatu, ya mwisho wa Juni, Julai na Agosti. Fedha inayokusanywa Aprili kwa ajili ya Agosti inakaa muda mrefu, na fedha inayokaa kwenye simu ya mtu mmoja hupata matumizi. Ifunguliwe akaunti ya benki yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mwanamke kutoka upande wa upishi, kwa sababu yeye ndiye atakayejua kwamba mchele ununuliwe Julai, mavuno yakiwa sokoni na bei imelegea. Mchele wa Desemba hununuliwa ghali, maana nchi inaelekea miezi ya upungufu kabla ya mavuno mapya. Kwa harusi ya magunia manne au matano tofauti hiyo peke yake inaweza kulipa turubai na viti.

Wapo watakaouliza: wote wakifuata ushauri huu, kumbi si zitajaa Agosti na Septemba? Zitajaa Jumamosi. Lakini kiangazi kinafanya kila uwanja kuwa ukumbi, na akdi inafungwa siku yoyote baada ya swala ya alasiri. Mbalamwezi yenyewe ina siku tano au sita, na Alhamisi au Jumapili ndani ya siku hizo ni bora kuliko Jumamosi ya giza.

Karatasi zisisahauliwe katika hayo yote. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na kwa harusi ya mwisho wa Agosti hiyo ina maana taarifa iwe mezani kabla ya Nane Nane. Makanisani kuna matangazo ya Jumapili tatu na mafundisho ya ndoa yanayochukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo paroko aonwe Aprili. Na kama kuna sababu isiyokwepeka ya kubaki Desemba, mgonjwa anayetaka kuona harusi ya mjukuu wake au bwana harusi anayepewa ruhusa mwezi huo tu, basi fedha ya mapambo ihamishiwe kwenye paa la bati la kukodi juu ya jiko, kuni zinunuliwe Septemba na kuwekwa ndani, chakula kipakuliwe kabla ya saa saba, na wageni wa majini walazwe mjini usiku mbili, mmoja kabla ya harusi na mmoja baada yake.